Posa Aliyoirudisha Bi Mwatumu

Ukitaka kumkasirisha Bi Mwatumu, mwite kuwadi. Kuna mama mmoja aliwahi kumwita hivyo kwa utani kwenye harusi. Bi Mwatumu aliweka sahani ya biriani chini, akanawa mikono, akatoka ukumbini, na nusu ya wageni wakamfuata nje kumbembeleza. Yeye ni mshenga, na anataka ujue tofauti yake. Kuwadi akishawakutanisha watu haonekani tena. Mshenga anabaki. Mkigombana mwaka wa tano wa ndoa, ndiye anayekuja kuwasuluhisha na nguo zake za kazi mwilini, amechoka, hajala, na ole wenu asipokuta chai.

Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye dereva wake. Naitwa Vumilia, mtu wa Singida, Mkristo, na nakaa ghorofa moja juu ya kwake hapa Langley Park, Maryland, huku Amerika, kwenye majengo ya matofali yanayotazamana na ujenzi wa reli. Huo ujenzi niliukuta nilipohamia na sijui kama nitauacha. Bi Mwatumu ni mwenyeji wa Tanga, mjane, ana miaka hamsini na tisa, na siku tano kwa wiki anatandika vitanda kwenye hoteli moja huko Alexandria, ng'ambo ya mto. Anapanda basi, kisha treni, kisha basi lingine. Siku zake mbili za mapumziko, ambazo mtu mwenye akili zake angelala, yeye hunigongea mlango na kuuliza, "Vumi, gari lina mafuta?" Sijawahi kumjibu kwamba halina.

Nitamjibuje hivyo, na mume wangu ni yeye aliyenitafutia? Alisema amechoka kuniona dukani nanunua viazi vitatu vitatu. Akamchunguza Godlisten miezi mitatu bila mwenyewe kujua. Alizungumza na wenzake wa gereji ya kuegesha magari anakofanya kazi, akazungumza na mchungaji wake, na siku moja akamfuata mpaka dukani. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyekuwa anamtazama, lakini Godlisten alirudisha toroli la dukani mahali pake, tena akachukua na la mtu mwingine aliyeliacha katikati ya magari. Siku ile ile Bi Mwatumu alinijia akaniambia, "Nimempata." Nikigombana na Godlisten leo, namshukia Bi Mwatumu na kumlalamikia kama mtu aliyeuziwa friji bovu, naye ananisikiliza mpaka mwisho.

Malipo yake ni kanga na pilau, na akipewa zaidi anarudisha. Watu wengi hapa wanafanya kazi mbili kwa sababu ya kodi ya nyumba. Yeye kazi yake ya pili haimlipi, na ndiyo anayoifanya kwa makini zaidi.

Jumapili mchana huwa tunakwenda kwa Fatma, kule West End ya Alexandria, kutazama tamthilia ya Kikorea. Fatma ni Mzanzibari. Mumewe Sheikhan anaendesha teksi, na binti yao Sundus, mwenye miaka ishirini na mbili, aliletwa hapa akiwa na miaka mitatu. Anakuja pia Serah, Mkenya wa Nakuru anayefanya kazi hoteli moja na Bi Mwatumu. Tamthilia yenyewe inamhusu mwanamke wa Seoul mwenye ofisi ya kuwatafutia watu wachumba, juu ya duka la tambi. Jina lake halisi linatushinda, kwa hiyo tunamwita Bi Mkoba, maana hatembei bila mkoba mwekundu, na kila sehemu lazima ausahau mahali ili mwanamume mmoja mrefu mwenye maringo amletee. Sisi sote tunajua hao wawili watapendana. Wenyewe tu ndio hawajui, na jambo hilo limetutesa tangu sehemu ya kwanza.

Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yanakimbia mno kwa macho ya watu wazima. Msomaji wetu ni Sundus. Anakaa kwenye mkono wa kochi, anasoma kwa sauti, na mimi nawageuzia Fatma na Bi Mwatumu kwa Kiswahili. Sundus anaelewa Kiswahili chote, hata matusi ya Sheikhan akiwa barabarani, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Watoto wetu wengi hapa wako hivyo na tumeshazoea.

Bi Mwatumu hatazami tamthilia kama sisi. Yeye anakagua kazi ya mwenzake. "Hebu simamisha hapo, Vumi," ananiambia, nami nasimamisha. "Huyu kazi haijui. Kijana anasema anaishi peke yake, na yeye anaandika tu. Nenda kwa jirani! Muulize jirani nani anatoka asubuhi!" Serah anamwambia, "Bi Mwatumu, hiyo ni movie tu," naye anajibu kwamba hata kama ni ya uongo, mtu aifanye sawasawa.

Mwaka huu ilifika zamu ya nyumba ile ile tunamotazamia tamthilia. Bi Zuwena, mama wa Mombasa anayeishi Temple Hills, alimwita Bi Mwatumu akamwambia anataka kumwoza Nadir, mtoto wa kaka yake, ambaye amekaa naye tangu alipofika Amerika akiwa kijana wa shule. Nadir ana miaka thelathini na ni fundi wa lifti. Bi Mwatumu akafanya uchunguzi wake. Alikwenda kwenye jengo ambalo Nadir alikuwa anatengeneza lifti, akajifanya bibi aliyepotea, na kijana akaacha vyombo vyake, akamshika mkono na kumpandisha ngazi ghorofa nne, kisha akashuka kurudi kazini bila kujua amefanyiwa mtihani. Msikitini walimsifu, na kinyozi wake pia, na kinyozi huwa anajua mengi. Mwisho akakaa na Nadir mwenyewe saa nzima akimhoji. Bi Mwatumu akasema kijana huyu anamfaa Sundus. Barua ya posa ikapelekwa kwa Sheikhan kwa heshima zote, na Sheikhan akasema binti aulizwe.

Aliyemuuliza ni Bi Mwatumu mwenyewe, kwa ombi la Fatma. Nilikuwepo. Sundus alikaa kitandani, Bi Mwatumu akamshika mkono.

"Mwanangu, Nadir ameleta posa. Baba yako ameridhika, mama yako ameridhika. Wewe wasemaje?"

Sundus akainamisha kichwa, akanyamaza. Tulisubiri kidogo. Nje ya mlango Fatma akapiga kigelegele, na Bi Mwatumu akatokwa na machozi ya furaha. Kwa watu wa pwani hilo linatosha. Mwari akiulizwa habari ya mume akanyamaza, amekubali, ila haya inamzuia kutamka. Mimi si mtu wa pwani, lakini nami nilipiga makofi, kwa hiyo siwezi kujitoa kwenye lawama hii.

Jibu la ndiyo likapelekwa Temple Hills. Ikapangwa kwamba Jumamosi fulani watu wa Nadir waje na pete na kanga kushika uchumba. Fatma akaiambia Unguja yote.

Jumapili moja kabla ya Jumamosi hiyo tulikuwa tumekaa sebuleni kwa Fatma kama kawaida, tunatazama sehemu ya kumi na moja. Bi Mkoba alikuwa ameikutanisha familia ya daktari wa meno na familia ya mwenye kiwanda cha biskuti kwenye mkahawa wa hoteli. Mama zao wanachekeana kwa meno yote. Binti anaulizwa, anainamisha kichwa, na Bi Mkoba anaandika kwenye daftari lake kwa madaha kwamba mambo yamekwisha. Bi Mwatumu akaitikia kwa kichwa. Kwa mara hii moja alikuwa hana la kumkosoa. Binti akaomba kwenda kunawa mikono, akapitia jikoni, akavaa aproni ya mpishi na kutorokea mlango wa nyuma. Bi Mkoba akamkimbiza na kiatu kimoja mguuni, akateleza kwenye maji ya samaki, na yule mwanamume mrefu akamdaka huku ameshika mkoba mwekundu.

"Woi! Huyu atavunjika kiuno!" Serah alicheka mpaka akamwaga chai.

Bi Mkoba akamkuta binti amekaa kwenye ngazi za nyuma, katikati ya maboksi ya kabichi, analia. Akakaa karibu naye. Binti akasema kitu kwa sauti ndogo, na maandishi yakatokea chini.

Sundus hakuyasoma.

"Anasemaje?" Fatma akauliza. "Msomaji wetu amelala?"

Serah akafungua mdomo ili asome yeye. Bi Mwatumu akainua mkono. Hakuwa anaangalia televisheni tena, alikuwa anamwangalia Sundus. "Mwache asome mwenyewe," akasema.

Sundus akasoma polepole, macho yake yako kwenye zulia. "She says, nobody asked me. They told me, and then they all looked at me."

"Anasema hakuna aliyemuuliza," nikawageuzia wenzangu. "Walimwambia tu, kisha wote wakamtazama."

Fatma akasema masikini, mtoto wa watu, akanyoosha mkono kuchukua kashata. Bi Mwatumu aliniambia nisimamishe. Nilijua sasa mahubiri yanakuja juu ya kazi mbovu ya Bi Mkoba. Lakini alinyanyuka, akamwambia Sundus waende jikoni wakaoshe vikombe, na mimi akanivuta mkono. "Njoo, Vumi, nisije nikakosea neno lake hata moja."

Jikoni hakufungua hata bomba. Alisimama mbele ya Sundus.

"Mwanangu, siku ile nilipokuuliza habari ya Nadir ulininyamazia. Ulikuwa unaniambia nini?"

Sundus akaangalia mlangoni, kisha akasema, "It was a no."

Hilo halikuhitaji mgeuzaji. Bi Mwatumu alishika ukingo wa sinki.

"Sasa kwa nini usiseme?"

"I thought I did! Somebody asks you and you don't answer, that's a no. If a guy texts me and I don't text back, he knows. Everybody knows." Alikuwa ameanza kulia. "And then Mama was screaming out there and you were crying, and I didn't know how to stop it."

Nikamweleza Bi Mwatumu kwamba hapa kijana akimtumia msichana ujumbe asijibiwe, anajua amekataliwa, na hakuna mtu asiyelijua hilo. Binti alikuwa amekataa kwa adabu zake zote, na sisi tukampigia vigelegele, akashindwa kutuzuia. Nilipokuwa namweleza niliona aibu.

Bi Mwatumu akakaa juu ya gunia la mchele la Fatma. Wanawake wa kwetu hapa wanamwona kama mtu asiyekosea, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa amefikia kuamini hivyo. "Nami nimeipeleka ndiyo," akasema. "Nimevuka nayo mto nikaipeleka, na haikuwepo."

Fatma alikuwa ameshaingia. Alisikia ya kutosha.

"Mwatumu, usianze," akasema. "Tafadhali. Watu nimeshawaambia, dada yangu kashakata tiketi kule. Mtoto alinyamaza, ndiyo ishapita hiyo. Atazoea! Nadir ana ubaya gani?"

"Hana ubaya wowote."

"Sasa? Wewe mwenyewe si ndivyo ulivyoolewa? Si umenihadithia? Waliingia chumbani kukuuliza habari ya marehemu, ukainama, hukusema hata neno. Na sijakusikia ukimsema vibaya mumeo hata siku moja."

Bi Mwatumu aliitikia kwa kichwa. Nilidhani amezidiwa.

"Kweli, Fatma. Nilinyamaza kwa hofu, nikapata mume mwema. Ilikuwa bahati yangu tu. Miaka arobaini nimekaa nikidhani ndio utaratibu." Akanyanyuka kwenye gunia. "Siwezi kuchukua bahati yangu nikamvisha mtoto wa mwenzangu."

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda pale, na nilitaka kumkumbatia, ila jikoni kulikuwa kudogo na Fatma alikuwa katikati yetu analia.

Sheikhan naye alikuwa amerudi kutoka kwenye teksi na amesimama mlangoni na funguo mkononi. Serah alikuwa amemwambia yote sebuleni kwa sentensi mbili. Alituangalia mmoja mmoja, hasemi kitu. Ni mpole, na mambo ya namna hii humwachia Fatma.

"Wewe nawe usininyamazie, Sheikhan," Bi Mwatumu akamwambia. "Leo sitaki kunyamaziwa na mtu. Sema."

Sheikhan akamgeukia binti yake. "Sundus. Humtaki?"

"No, Baba."

"Basi hataki," akasema. Akatia funguo mfukoni. "Nenda ukawaambie, Bi Mwatumu. Au niende mimi. Mimi ndiye baba."

"Aliyeipeleka ni mimi. Nitairudisha mimi."

Serah akasema kutoka sebuleni, "Lakini si um-text tu huyo mama? Unamwambia imekataa, una-block, imeisha hiyo." Bi Mwatumu alikuwa ameshavaa viatu. Posa haikwenda kwa simu, akasema, na hairudi kwa simu.

Kutoka Alexandria hadi Temple Hills si mbali, unavuka daraja la Wilson unaingia Maryland. Mimi ningependa liwe refu zaidi. Bi Zuwena ni mwanamke mkali, tena ana kundi la akina mama kwenye simu lenye watu wa kutoka Baltimore mpaka Richmond. Akikutangaza humo, hata mwanasesere hutampatia mume. Mshenga hana cheti wala ofisi. Ana jina tu, na jina la Bi Mwatumu lilikuwa limechukua zaidi ya miaka ishirini kujengeka. Nilijua anakwenda kulivunja kwa mkono wake.

Kwa hiyo nikampa shauri, ambalo nilidhani ni zuri. "Mwambie binti ameswali istikhara, amemwomba Mungu amwonyeshe njia, akaota ndoto mbaya. Watu wa dini hawawezi kubishana na hilo. Hakuna atakayelaumiwa."

"Nimsingizie Mungu?"

"Basi sema nyota zao hazikupatana."

"Vumi," akasema, "angalia barabara."

Bi Zuwena alitufungulia mlango kwa furaha. Sebule ilikuwa imejaa matayarisho. Kanga zilikuwa zimepangwa juu ya kochi, kulikuwa na makapu mawili ya kufunga kwa riboni, sanduku la udi na chupa za manukato. Nadir alikuwa sakafuni na mkasi, anakata riboni. Alituamkia, akataka kumpa Bi Mwatumu kiti. Bi Mwatumu hakukaa.

"Zuwena, nimekuja kurudisha posa yako," akasema. "Niliwaletea ndiyo ambayo sikupewa. Mtoto nilimuuliza, akanyamaza, nikadhani amekubali, nami nikaileta kwenu bila kuisikia kwa masikio yangu. Leo nimemuuliza tena. Hataki. Kosa ni langu mimi, si la binti wala la wazazi wake, na kijana wako hana dosari yoyote. Naomba uniwie radhi."

Hakuongeza kitu. Nilitamani aongeze, apunguze makali, aseme chochote kile. Alisimama tu pale na kibeti chake mkononi, na mgongo wake umenyooka.

Bi Zuwena mwanzo alicheka, kwa kuwa alidhani ni mzaha. Kisha akaona uso wake.

"Mwatumu, wanitezea? Watu nishawaalika! Mombasa washajua, mamake Nadir ashanunua nguo! Waleta ndiyo leo, kesho waja kuitwaa kama nguo ya dukani isiyokutosha? Ushenga gani huu?"

"Ni ushenga mbovu. Nakubali."

"Nitamwambia kila mtu. Wallahi nitamwambia kila mtu, uone nani atakufungulia mlango tena."

"Waambie, ni haki yako. Waambie nilikosea mimi Mwatumu. Ila jina la Sundus usilitaje. Hilo tu nakuomba."

"Toka nyumbani mwangu."

Tukatoka. Ndani ya gari nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba ufunguo ulinishinda. Nilimkasirikia Bi Zuwena, nikamkasirikia Fatma, nikajikasirikia na mimi mwenyewe kwa makofi yale. Bi Mwatumu alijifunga mkanda, akaniambia twende nyumbani, kesho ana zamu ya asubuhi. Simu yake ilikuwa imeshaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe. Hakuitazama.

Nilipofanikiwa kuliwasha gari, nikasikia mtu anagonga kioo. Ni Nadir, amekuja na riboni yake mkononi. Bi Mwatumu akateremsha kioo.

"Mwanangu, nisamehe," akamwambia. "Wewe ndiye niliyekukosea zaidi."

"Hukunikosea, Bi Mwatumu." Akaangalia nyuma, mlangoni kwa shangazi yake. Sauti akaishusha. "Ni kwamba hata mimi sikuulizwa."

"Nani hakuulizwa? Wewe? Nimekaa nawe saa nzima nakuuliza!"

"Uliniuliza kazi. Uliniuliza sala. Uliniuliza kama navuta sigara, na maradhi ya ukoo, na meno yangu ukayaangalia. Kama nataka kuoa, na nataka kumuoa nani, hukuniuliza. Shangazi alifurahi sana, na ni yeye aliyenilea. Nikanyamaza."

Namwandika Bi Mwatumu kwa mapenzi, lakini ukweli niuseme. Mtu aliyemfuata kinyozi, aliyepanda ngazi ghorofa nne kwa uongo, aliyemjua Nadir mpaka soksi zake, jambo lenyewe hakuligusa. Alijifunika uso kwa ushungi. Mabega yakaanza kutikisika na nikadhani analia, kumbe alikuwa anacheka, kisha akalia kweli, kisha akajifuta.

Akafungua mkanda.

"Vumi, zima gari."

"Bi Mwatumu, umefukuzwa sasa hivi!"

"Nimefukuzwa kwa kosa la kwanza," akasema. "Hili ni la pili."

Akashuka, akamshika Nadir mkono, akarudi naye kwenye mlango ule ule aliotimuliwa. Sikuweza kubaki garini. Nilipoingia, Bi Zuwena alikuwa amesimama katikati ya makapu, simu iko mdomoni anarekodi ujumbe wa sauti, ameganda kwa mshangao. Safari hii Bi Mwatumu alikaa bila kukaribishwa. Akamvutia Nadir kiti, wakatazamana.

"Zuwena, ukishamaliza kunitukana nitakuwepo hapa hapa. Kwanza nina swali langu lililobaki." Akamgeukia kijana. "Nadir, mwanangu. Acha shangazi, acha mama, niache na mimi. Wewe wataka nini?"

Nadir alinyamaza. Bi Zuwena akataka kumjibia, na Bi Mwatumu akainua kidole bila kumtazama. Kimya kikawa kirefu. Mimi ningekijaza, mtu yeyote angekijaza. Yeye alisubiri, mikono mapajani, kana kwamba hana zamu kesho wala basi la kupanda.

"Kuna mtu," Nadir akasema mwishowe. "Yuko hospitali moja ninayotengeneza lifti. Ni muuguzi. Yapata mwaka sasa twazungumza nikienda kule." Akavuta pumzi. "Ni mtu wa Bomet, kule bara kwetu Kenya. Aitwa Chepngetich."

Bi Zuwena alikaa juu ya kanga zote za uchumba. "Yaa Rabbi," akasema, na simu ikamponyoka ikaanguka kwenye kapu. Nikajua hapo kuna maneno ya miezi, na dini, na kabila, na simu nyingi za Mombasa. Nikajua pia ni nani atakayekuwa anakuja kuyasuluhisha na nguo zake za kazi, na ni nani atakayemwendesha.

Bi Mwatumu hakushtuka. Alisogeza kiti karibu zaidi na Nadir.

"Na yeye," akasema, "umeshamuuliza?"

"Nani? Chepngetich?"

"Huyo huyo."

Nadir akaitazama riboni mkononi mwake.

"Bado," akasema.